Amemaliza dawa za kifua kikuu na bado anakohoa: namna ya kulisoma na kulihudumia pafu lenye makovu

Kadi ya matibabu ya kifua kikuu inapofungwa kwa neno "amepona", neno hilo linazungumzia vijidudu, halizungumzii pafu. Mgonjwa aliyemeza dawa kwa miezi 6, makohozi yake yakapimwa mwezi wa pili, wa tano na wa mwisho na kuonekana safi, anaweza kurudi kliniki baada ya wiki chache akilalamika kwamba anakohoa, kifua kinambana na kilima kidogo tu kinamkata pumzi, na malalamiko hayo yakawa ya kweli bila kuwapo kijidudu hata kimoja kilicho hai. Mwongozo huu ni wa tabibu, muuguzi na mhudumu wa kliniki ya kifua kikuu anayekaa mbele ya mgonjwa wa namna hiyo. Unaanza na seli za kinga kwa sababu ndizo zilizobomoa sehemu kubwa ya pafu na ndizo zilizoamuru makovu yajengwe, na asiyeielewa kazi hiyo ataishia kuandika dawa zilezile kwa mara ya pili.

Wala wagonjwa hawa si wachache. Utafiti uliofanyika Blantyre, Malawi, na kuchapishwa mwaka 2020, uliwafuatilia watu wazima 405 waliomaliza matibabu ya kifua kikuu cha mapafu. Zaidi ya nusu walimaliza dawa wakiwa bado na dalili za kifua, na zaidi ya theluthi moja walikuwa na kipimo cha pumzi kisicho cha kawaida.

Kwanza, elewa ni nani aliyebomoa

Pafu husimama kwa tishu unganishi. Nyuzi za kolajeni hulipa uimara na nyuzi za elastini hulirudisha katika umbo lake kila pumzi inapotoka. Kolajeni ya pafu ni ngumu kukatwa, na ni vimeng'enya vichache tu vya mwili vyenye uwezo wa kuikata. Bakteria wa kifua kikuu, ambaye Robert Koch alimtangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, hafanyi kazi hiyo kwa vimeng'enya vyake mwenyewe. Anayaachia majeshi ya mwenye nyumba yaifanye.

Mambo huenda hivi. Bakteria akivutwa kwa pumzi hufika katika vifuko vya hewa na kumezwa na makrofaji, seli za kinga zinazolinda vifuko hivyo. Makrofaji ikishindwa kumuua huita wenzake, na baada ya wiki kadhaa limfosaiti T, aina nyingine ya seli za kinga, hufika na kuizunguka sehemu hiyo, hadi linajengeka donge la seli liitwalo granuloma. Limfosaiti T hutoa intaferoni gama, makrofaji hutoa TNF, na kemikali hizi mbili ni za lazima, kwa kuwa bila hizo bakteria angesambaa mwilini kote. Tatizo ni kwamba mawasiliano hayohayo huziamuru makrofaji, pamoja na seli zinazotandika mirija ya hewa, zitoe kimeng'enya kinachoikata kolajeni, kijulikanacho kwa kifupi kama MMP-1. Nyutrofili nazo, ambazo ni seli nyeupe za damu, zikishafika kwa wingi, humwaga MMP-8, MMP-9 na elastesi, ambayo huikata elastini. Mwili una vizuizi vya vimeng'enya hivi, lakini katika kifua kikuu vizuizi haviongezeki kwa kadiri ile ile, na mizani huelemea upande wa kubomoa. Kiini cha granuloma hulainika, hupasukia katika mrija wa hewa, mgonjwa hukikohoa nje pamoja na mamilioni ya vijidudu, na pale kilipokuwa hubaki tundu.

Mwenye shaka juu ya maelezo haya atazame wagonjwa wake mwenyewe. Anayeishi na VVU na ambaye CD4 zake, yaani seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU, zimeshuka sana huwa na matundu machache kuliko mwenye kinga kamili, na mara nyingine picha yake ya eksirei huonekana karibu ya kawaida, ingawa vijidudu vimejaa mwilini mwake. Akianzishiwa ARV na kinga ikaanza kurudi, kifua kinaweza kuwaka ghafla: homa inapanda, kivuli kinapanuka katika picha, tezi zinavimba. Dawa za kifua kikuu anameza vilevile na vijidudu havijaongezeka. Kilichoongezeka ni seli za kinga zenye nguvu. Kwa maoni yangu hakuna somo la maabara linalolionyesha jambo hili waziwazi kama wagonjwa hawa wawili wakiwekwa bega kwa bega. Hata hivyo maabara nayo imesema: mwaka 2011 watafiti walichapisha matokeo ya panya waliopandikizwa jeni ya MMP-1 ya binadamu, na walipoambukizwa kifua kikuu kolajeni ya mapafu yao ilibomoka kwa kiwango ambacho panya wa kawaida hawakukifikia.

Kisha elewa ni nani aliyejenga, na kwa nini alijenga vibaya

Ubomoaji na ujenzi haviji kwa zamu. Hutokea wakati mmoja, mara nyingi pembezoni mwa donge lile lile. Makrofaji zinazomeza mabaki ya seli zilizokufa hubadili mwenendo na kuanza kutoa kemikali iitwayo TGF-beta, ambayo huziamuru fibroblasti, yaani seli zinazotengeneza kolajeni, ziwe miofibroblasti. Seli hizi, zilizoelezwa na Gabbiani na wenzake mwaka 1971, hubeba ndani yake nyuzi za kujikaza kama za msuli, na kwa hiyo hufanya mambo mawili: humwaga kolajeni na kuivuta. Limfosaiti T zinazotoa kemikali iitwayo intalukini 13 huzisukuma zaidi katika mwelekeo huo.

Katika kidonda kinachopona vizuri, miofibroblasti hujifia kazi ikiisha, na makrofaji huifagia kolajeni iliyozidi. Katika pafu lililowaka kwa miezi mingi kabla mgonjwa hajapimwa, ufagiaji huo haukamiliki. Ugumu wa kovu wenyewe huifungua TGF-beta iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya tishu, nayo huzichochea tena miofibroblasti, hata kovu likaendelea kujilisha bila kijidudu. Elastini iliyokatwa, kwa mtu mzima, haijengwi tena kwa mpangilio wake wa awali.

Hapa ndipo kikohozi kinapopata maelezo yake. Kovu linalojikaza huvuta kuta za mirija ya hewa iliyo jirani na kuitanua isivyo kawaida, huku likipinda mirija mingine na kuifanya miembamba. Katika mirija iliyotanuka makohozi hutuama, bakteria wa kawaida huota humo, nyutrofili hurudi kwa ajili yao, elastesi humwagwa upya na kuharibu vinyweleo vinavyosukuma makohozi, na makohozi huzidi kutuama. Mzunguko huu unaweza kuendelea kwa miaka bila bakteria wa kifua kikuu kuhusika tena.

Mweleze mgonjwa kabla ya kumpima

Usiruke hatua hii kwa haraka ya foleni. Mgonjwa asiyejua kwa nini anakohoa atahama kituo hadi kituo, na pengine ataishia kununua antibayotiki dukani. Swali lake huwa karibu lile lile, na jibu halihitaji maneno ya kitabibu:

"Dokta, dawa nimemeza zote, sikuruka hata siku moja. Mbona kifua hakijatulia?"

"Mama, dawa zimefanya kazi yake, na makohozi yako yalipimwa yakawa safi. Ila vidonda vya ndani vimeacha kovu. Umewahi kumwona mtu aliyeungua moto mkononi? Kidonda kinafunga, lakini ngozi inabaki ngumu na inavuta vidole. Na pafu lako lina sehemu imevutwa hivyo, na makohozi yanakwama pale. Leo tutapima tena kwa uhakika, halafu nitakuonyesha namna ya kuyatoa."

Angalia kwamba jibu halimwahidi mgonjwa kwamba kovu litatoka, na pia halimwachi bila kitu cha kufanya.

Usiandike "TB imerudi" kabla ya ushahidi

Kifua kikuu hurudi kweli, na aliyewahi kuugua yumo katika hatari kubwa kuliko ambaye hajawahi, kwa hiyo kila anayekohoa tena apimwe. Ninachokataa ni kuanzisha dawa kwa sababu ya kikohozi na picha peke yake. Picha ya mtu aliyewahi kuugua itakuwa na kivuli leo, mwakani na miaka 20 ijayo. Kivuli hicho kisomwe kwa kulinganishwa na picha aliyopigwa alipomaliza dawa. Kama hakijabadilika, hakithibitishi ugonjwa mpya.

Uliza dalili zinazotenganisha. Homa za jioni, kutokwa jasho jingi usiku na kupungua uzito vinaelekeza zaidi kwenye kifua kikuu chenyewe. Kikohozi cha muda mrefu chenye makohozi mengi hasa asubuhi, kinachozidi kwa siku chache na kutulia, kwa mtu ambaye uzito wake haushuki, kinaelekeza kwenye mirija iliyotanuka. Dalili hizi hazitoshi kuamua, ila zinakuonyesha uulize nini maabara.

Kipimo cha GeneXpert kinahitaji tahadhari kwa mgonjwa huyu. Kinatafuta vinasaba vya bakteria, na vinasaba vya bakteria aliyekufa vinaweza kubaki katika makohozi muda mrefu baada ya matibabu. Kwa hiyo jibu la kiwango cha chini kabisa, ambalo toleo la Ultra huliripoti kama chembe tu, likitoka kwa mtu aliyemaliza dawa karibuni, halitoshi peke yake kumrudisha kwenye dawa. Omba makohozi yaoteshwe, kwa kuwa kinachoota ni kilicho hai, na wakati unasubiri majibu mfuatilie mgonjwa kwa karibu. Na wakati huo wa kusubiri usimpe siprofloksasini wala levofloksasini kwa ajili ya kikohozi: dawa za kundi hilo huwapunguza bakteria wa kifua kikuu bila kuwamaliza, huficha ugonjwa, na zinaweza kuzalisha usugu kwa dawa ambazo tunazitegemea katika matibabu ya kifua kikuu sugu. Amoksilini inatosha kwa maambukizi mengi ya kawaida ya kifua.

Soma picha ya kifua kama ramani ya mivuto

Weka picha mbele ya mwanga na uanze na bomba kuu la hewa. Kwa kawaida hushuka katikati, kati ya ncha za ndani za mitulinga. Likiwa limepinda kuelekea kulia juu, huku picha imepigwa mgonjwa akiwa amenyooka, kuna kovu upande huo linalolivuta. Maji yaliyojaa kifuani husukuma kwenda upande wa pili. Kovu huvuta kuja upande wake.

Shuka kwenye mashina ya mapafu, pale mishipa na mirija inapoingilia. Shina la kushoto kwa kawaida huwa juu kidogo kuliko la kulia. Ukiona la kulia limepanda likawa sawa na la kushoto au kulizidi, sehemu ya juu ya pafu la kulia imesinyaa na kulibeba. Tazama na kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu: kilele kidogo chenye ncha juu yake, mahali panapopaswa kuwa na mkunjo laini, ni alama nyingine ya pafu lililovutwa kwenda juu. Dalili hizi tatu zinaonekana hata katika picha ya mashine ya zamani.

Mwisho tafuta matundu. Tundu la zamani lililo tupu na lenye ukuta mwembamba ni jambo moja. Tundu lenye bonge ndani yake na mwezi mwandamo wa hewa juu ya bonge hilo ni jambo jingine kabisa, na tutalirudia. Ukuta ulioanza kunenepa, au umajimaji uliojikusanya mahali palipokuwa patupu katika picha ya awali, unahitaji daktari wa kifua.

Pima pumzi, hata kama huna mashine

Hospitali yenye spirometa, yaani mashine ya kupima pumzi, iitumie, lakini baada ya kuhakikisha makohozi hayana bakteria, na kamwe si kwa mgonjwa anayekohoa damu. Kipimo kitaonyesha mojawapo ya sura tatu: mirija iliyobanwa, pafu lililopungua ujazo, au vyote viwili kwa pamoja. Zahanati isiyo na spirometa itumie kipima oksijeni cha kidoleni na baraza iliyonyooka ya mita 30. Pima oksijeni mgonjwa akiwa ametulia, mtembeze kwa dakika 6 kwa mwendo wake mwenyewe, hesabu mita, kisha pima tena. Oksijeni ikishuka kwa pointi 4 au zaidi, au ikiwa chini ya asilimia 90 hata kabla hajatembea, apewe rufaa. Kipimo hiki hakina gharama, na bado nadhani ndicho kinachosahaulika kuliko vyote.

Mfundishe kuyatoa makohozi

Kwa kuwa mzunguko wa nyutrofili na elastesi hulishwa na makohozi yaliyotuama, kuyatoa ndiyo tiba ya kwanza, nayo haihitaji duka la dawa. Mgonjwa akae wima. Makovu ya kifua kikuu hupenda sehemu za juu za mapafu, na sehemu hizo hujimwaga vyema mtu akiwa ameketi, hivyo kumlaza kichwa chini mara nyingi hakuna maana. Apumue kwa utulivu kwa muda kidogo mabega yakiwa yamelegea. Kisha avute pumzi ndefu mara 3 au 4, kila moja akiishikilia kidogo kabla ya kuiachia. Halafu afungue mdomo na koo, asukume hewa nje kwa nguvu bila kukohoa, kwa sauti ya mtu anayepulizia kioo mvuke ili akifute. Makohozi yakipanda, akohoe mara moja au mbili na kuyatema katika chombo chenye kifuniko. Arudie kwa dakika 10 hadi 15, asubuhi na jioni. Mfanyie mbele yake, kisha naye akufanyie mbele yako. Karatasi ya maelezo peke yake haifundishi.

Kama kifua kinapiga mluzi au spirometa imeonyesha kubanwa, pampu ya salbutamol, dawa inayotanua mirija ya hewa, ivutwe robo saa kabla ya zoezi hilo. Pampu za steroidi zisitolewe kwa mazoea, kwa kuwa huongeza hatari ya nimonia, na pafu hili lina milango mingi tayari.

Ongeza mazoezi ya mwili. Mjini Kampala ulifanyika mpango wa wiki 6 kwa watu wenye mapafu yaliyoharibiwa na kifua kikuu, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017, na washiriki waliweza kutembea mbali zaidi na kuishi vizuri zaidi ingawa makovu yao yalibaki palepale. Misuli iliyofanyishwa kazi hutumia hewa kidogo kwa kazi ile ile.

Moshi ukome: sigara, na pia jiko la kuni au mkaa ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Mchimbaji wa madini, kama wale wa Mererani, aambiwe bayana kwamba vumbi la silika humezwa na makrofaji zilezile, huziua, na humwaga upya kemikali zinazojenga kovu. Akirudi shimoni bila kinga ya vumbi, sisi tunatibu na yeye anaharibu. Chanjo za mafua na nimonia, zikipatikana, achanjwe.

Watu wamekuwa wakiuliza juu ya antibayotiki iitwayo doksisaiklini, kwa kuwa ni kweli kwamba huzuia vimeng'enya vya MMP. Jaribio dogo la Singapore, lenye wagonjwa 30 na kuchapishwa mwaka 2021, lilionyesha kwamba wiki 2 za dawa hiyo, zikiambatana na matibabu ya kifua kikuu, zilipunguza vimeng'enya hivyo. Ni habari njema ya utafiti, lakini ilihusu wagonjwa walio katika matibabu, na haijawa sababu ya kumwandikia mtu ambaye kovu lake limeshakauka.

Damu na kuvu

Katika kuta za matundu mishipa ya damu huachwa bila tishu ya kuishikilia, na ikipasuka mgonjwa hukohoa damu. Michirizi katika makohozi inatosha kumfanyia vipimo siku hiyo hiyo. Damu ya kujaza kikombe ni dharura: mlaze kwa ubavu wa upande wenye kovu ili damu isifurikie pafu la upande wa pili, mwekee njia ya mshipa, mpe asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutoka damu, kama ipo, naye asafirishwe akiwa na mhudumu. Hapa picha ya zamani inaokoa maisha, kwa sababu ndiyo inayokuambia ubavu ni upi.

Lile bonge lenye mwezi mwandamo wa hewa mara nyingi ni kuvu wa Aspergillus aliyeota ndani ya tundu lililo tupu. Mgonjwa huyu hukonda, huchoka na hukohoa damu, makohozi yake hayana bakteria, na ndiye anayerudishiwa dawa za kifua kikuu kimakosa kuliko wengine. Anahitaji kipimo cha damu cha kingamwili za Aspergillus, na mara nyingi dawa ya kuvu iitwayo itrakonazoli kwa miezi isiyopungua 6. Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huishusha itrakonazoli katika damu hadi isifanye kazi, kwa hiyo kosa la kwanza huizuia tiba sahihi isishike.

Kabla hajaondoka siku ya kumaliza dawa, mpe picha ya kifua ya siku hiyo aitunze nyumbani, na katika kadi yake andika tarehe ya picha, upande na mahali penye kovu, oksijeni akiwa ametulia na baada ya kutembea, mita alizotembea na uzito wake. Mpangie arudi baada ya miezi 3, na mwambie aje na picha hiyo kila anapokwenda kutibiwa kifua, hata kwenye kituo kisichomfahamu.